Samhain, shahamu na sabuni: Maneno yanavyotunza historia ya ngozi

KILA ifikapo mwishoni mwa Oktoba, baadhi ya maduka makubwa na vilabu vya Nairobi hupambwa kwa maboga ya plastiki, utando wa buibui wa bandia na vinyago vya mafuvu. Wahubiri nao hukemea. Wazazi huulizana kama ni sawa mtoto kwenda shuleni amevaa kama mchawi. Katika mvutano huo wote, ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la mwanaisimu: sherehe hii ilikuwa na jina gani kabla haijaitwa Halloween?

Swali hilo limenishughulisha kwa sababu ya jambo jingine ambalo, kwa mtazamo wa haraka, halihusiani nalo hata kidogo. Siku hizi wapo wauzaji wa krimu na losheni wanaonadi bidhaa zao kwa hadithi za “siri za kale za Waselti” kuhusu kuiandaa ngozi kabla ya baridi kuu. Eti usiku wa kuamkia Novemba palikuwa na tambiko la kujipaka mafuta ya mitishamba, na eti sasa tambiko hilo limetiwa kichupani. Hadithi inanoga. Lakini je, tunajua nini hasa? Naomba leo tuwaite mashahidi wanne, mmoja baada ya mwingine: maneno, waandishi wa kigeni, ngozi zenyewe, na mwishowe madaftari ya watoto wa shule.

Kwanza, Waselti ni akina nani? Hawakuwa taifa moja lenye mfalme mmoja. Ni jina la jumla la jamii zilizosema lugha za nasaba moja, zilizotapakaa tangu Uhispania, kupitia Ufaransa ya leo, hadi Uingereza na Ayalandi. Msomaji wa Biblia anawajua bila kujua kwamba anawajua. Katika karne ya 3 K.K. makundi ya Waselti yalivuka hadi Uturuki ya leo yakalowea huko, na sehemu hiyo ikaitwa Galatia. Ndiyo asili ya jina Wagalatia tunalokutana nalo katika waraka wa Paulo. Leo lugha za Kiselti zilizobaki vinywani mwa watu ni chache: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kiwelisi, Kibretoni, na nyingine mbili zilizofufuliwa baada ya kufa.

Sasa tumsikilize shahidi wa kwanza. Kwa Kiayalandi, mwezi wa Novemba unaitwa Samhain, neno linalotamkwa karibu na “sawin”. Hilo ndilo jina tulilokuwa tukilitafuta. Septemba inaitwa Meán Fómhair, yaani katikati ya mavuno, na Oktoba ni Deireadh Fómhair, yaani mwisho wa mavuno. Fómhar ni mavuno na pia ni majira yanayofuata kiangazi. Ukishasema kwamba Oktoba ni mwisho, basi Novemba haina budi kuwa mwanzo wa kitu kingine, na kitu hicho ni baridi. Watu wa Wales huiita tarehe 1 Novemba Calan Gaeaf, siku ya kwanza ya majira ya baridi. Na mwezi mzima wa Novemba wao huuita Tachwedd. Unajua maana yake? Chinjo. Mwezi wa kuchinja.

Neno hilo moja linatueleza mengi kuliko matangazo yote ya losheni. Mali ya Waselti wa Ayalandi ilikuwa ng'ombe. Tangu mwanzoni mwa Mei, ng'ombe walipelekwa malisho ya mbali, vilimani. Ilipofika Samhain walirudishwa nyumbani, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimeacha kuota. Chakula cha kuwalisha wote hadi nyasi zirudi hakikuwapo. Mfugaji alilazimika kuchagua: huyu wa kuzaa abaki, yule mzee achinjwe. Nyama ikatiwa chumvi au ikakaushwa kwa moshi, ngozi zikatengenezwa, na shahamu ikayeyushwa kwa ajili ya taa na mapishi. Kwa hivyo, wiki ambazo upepo wa baridi ulianza kuwapasua watu midomo ndizo wiki ambazo nyumba zilijaa mafuta ya mnyama kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Hapa mfasiri wa Kiswahili hupata taabu kidogo. Majira haya ya Oktoba tuyaiteje? Wapo wanaoandika vuli. Wapo wanaopendelea kipupwe. Wengine huzunguka na kusema majira ya kupukutika kwa majani. Ukitazama kalenda tu, vuli inaingia vizuri, maana mvua zetu za vuli huanza Oktoba hadi Desemba. Lakini kimaana neno hilo linapinduka. Mfugaji wa Kajiado akisikia vuli hutazama mawinguni akitarajia nyasi. Mfugaji wa Meath kule Ayalandi, tarehe iyo hiyo, alikuwa akiziaga nyasi. Mimi naona ni heri kuzunguka kwa maneno matatu kuliko kumpa msomaji neno moja linalomtuma upande usiofaa.

Liko jambo jingine ambalo Mswahili ataling'amua upesi kuliko Mwingereza. Julius Caesar, aliyewapiga vita Waselti wa Ufaransa katika karne ya 1 K.K., aliandika kwamba watu hao walihesabu muda kwa usiku badala ya mchana, na kwamba kwao mchana ulifuata usiku. Hadi leo, kwa Kiwelisi juma huitwa wythnos, yaani usiku nane. Sasa mwulize mzee wa Lamu usiku wa Ijumaa ni upi. Atakwambia ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao wengi wetu tungeuita Alhamisi usiku. Kwake siku mpya huingia jua linapotua. Kwa Waselti pia Samhain iliingia jua la tarehe 31 Oktoba lilipotua, ndiyo maana sherehe ni ya usiku. Wao walikwenda mbali zaidi: kama siku huanza kwa giza, mwaka nao una nusu ya giza, na Samhain ndiyo mlango wake.

Ukale wa neno hili una ushahidi wa shaba. Mnamo 1897, huko Coligny mashariki mwa Ufaransa, vilipatikana vipande vya bamba kubwa la shaba nyeusi lililochorwa kalenda kwa lugha ya Kiselti ya huko, cha takriban karne ya 2 B.K. Mmojawapo wa miezi yake unaitwa Samonios, na ndani yake pametajwa usiku tatu maalumu za mwezi huo. Udugu wa Samonios na Samhain unaonekana kwa macho, ijapokuwa wataalamu wanaendelea kuvutana kuhusu mwezi huo uliangukia sehemu gani ya mwaka.

Ukija kwenye masimulizi ya kale ya Ayalandi, yaliyoandikwa na watawa wa Kikristo katika Enzi za Kati, utakuta Samhain imejaa tele. Wafalme hukutana Tara. Karamu huendelea kwa siku kadhaa. Vilima vinavyoaminika kuwa makao ya viumbe wa ulimwengu wa pili hufunguka, na mtu anayetoka nje usiku huo hutoka kwa hatari yake. Lakini tambiko la kupaka ngozi mafuta ya mitishamba silioni humo. Hata wazo kwamba Samhain ulikuwa mwaka mpya wa Waselti lilienezwa na msomi John Rhys mwishoni mwa karne ya 19, na mwanahistoria Ronald Hutton ameonyesha jinsi ushahidi wake ulivyo mwembamba. Mambo mengi yanayouzwa leo kama ya kale ni ya juzi tu.

Na Halloween je? Katika karne ya 8 na ya 9 Kanisa la Magharibi liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Usiku wa kuiamkia ukaitwa kwa Kiingereza usiku wa watakatifu, na jina hilo likafupishwa likawa Halloween. Njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845 iliwasukuma Waayalandi wengi hadi Marekani. Huko, desturi yao ya kuchonga sura katika tanipu ikahamia kwenye boga, lililokuwa kubwa na rahisi kuchonga. Boga hilo ndilo limefika hadi madukani mwetu, likiwa la plastiki.

Shahidi wa pili ni waandishi wa kigeni, Wagiriki na Warumi. Hawa tuwasikilize kwa tahadhari, maana walikuwa wakiandika habari za watu waliowaona kuwa washenzi. Sisi wa Afrika tunalijua vizuri somo hilo. Hata hivyo, wana mambo. Diodorus wa Sisilia, katika karne ya 1 K.K., anasema wanaume wa Kiselti waliosha nywele zao kwa maji ya chokaa mara kwa mara, wakazivuta nyuma hadi zikafanana na manyoya ya shingo ya farasi. Kuhusu Waselti wa Uhispania, anastaajabu kwamba watu wasafi namna ile waliogea mkojo na kuusugulia meno, wakiamini kuwa ni utunzaji mwema wa mwili.

Usicheke sana, msomaji. Ndani ya mkojo mna urea, kemikali inayovuta na kushika maji katika ngozi. Mwaka wa 1828 mwanakemia Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara, na leo urea ya kiwandani imo katika krimu nyingi zinazouzwa kwa wenye ngozi kavu na magaga. Soma maandishi madogo nyuma ya chupa yako, huenda ukaikuta.

Lakini aliyetuachia tunu kubwa zaidi ni Pliny, Mrumi wa karne ya 1 B.K. Katika kitabu chake cha elimu ya viumbe, anataja kitu kiitwacho sapo. Anasema ni uvumbuzi wa Wagali, yaani Waselti wa Ufaransa, na kilitumika kuzipa nywele rangi nyekundu. Kilitengenezwa kwa shahamu na majivu. Anaongeza kwamba kilikuwako kigumu na cha majimaji, na kwamba kwa Wajerumani kilitumiwa zaidi na wanaume kuliko wanawake. Warumi wenyewe wakati huo hawakuogea kitu hicho. Walijipaka mafuta ya zeituni, kisha wakayakwangua pamoja na uchafu kwa chuma kilichopinda.

Sasa fuatilia safari ya neno hilo. Kilatini kililipata kaskazini, na wanaisimu wengi wanaona kwamba asili yake hasa ni lugha za Kijerumani, majirani wa Waselti. Kutoka Kilatini likaingia Kigiriki, kisha Kiarabu likawa sabun. Waarabu wakalivusha bahari. Mwambao wetu ukalipokea na kulitia irabu mwishoni, kama ada ya Kiswahili: sabuni. Mreno naye alilichukua kwa njia yake likawa sabão, na Mfaransa savon. Kwa hivyo kila asubuhi unapomwambia mtoto, “Nenda ukanawe kwa sabuni,” unatamka neno lililoanzia kwa watu wa misitu ya kaskazini waliochemsha mafuta ya mnyama na majivu miaka elfu mbili iliyopita. Kama kuna siri ya kale iliyotufikia kutoka huko, ndiyo hiyo, na wala hatukuilipia hata senti.

Hapa kuna fumbo dogo linalohusu ngozi. Shahamu ikichanganywa na majivu huwa sabuni, na sabuni huondoa mafuta mwilini. Shahamu iyo hiyo, ikipakwa bila majivu, huyazuia mafuta na maji yasitoke. Baridi inapoingia, hewa hushika unyevu mdogo, upepo hukausha uso, na moto unaowashwa ndani ya nyumba hukausha zaidi. Dublin iko karibu nyuzi 53 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba mchana wa huko ni wa saa saba na nusu tu, na saa nyingi zilizobaki watu wa kale walizimaliza karibu na moto. Ngozi hupoteza maji kwa kasi, hupauka, huwasha, kisha hupasuka. Dawa yake haijabadilika tangu enzi hizo: punguza kitu kinachoondoa mafuta, ongeza kitu kinachoyafunga. Mwaka wa 1872 Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline huko Marekani. Mafuta yake yalitoka kisimani badala ya tumboni mwa ng'ombe, lakini kazi yake ni ile ile.

Shahidi wa tatu hasemi neno, lakini mwili wake wasema. Ayalandi ina vinamasi vikubwa vya mimea iliyooza nusu. Maji yake yana asidi na hewa haipenyi, hivyo kitu kinachozama humo hutengenezwa kama vile fundi anavyoitengeneza ngozi ya ng'ombe isioze. Kiswahili hapa kina bahati: sisi husema ngozi kwa ya mtu na ya kiatu. Katika vinamasi hivyo wachimbaji wamekuta siagi iliyozikwa, mingine ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 3,000. Na mwaka wa 2003 walikuta watu wawili.

Wa kwanza alipatikana Clonycavan, katika jimbo la Meath. Aliuawa kati ya karne ya 4 na ya 3 K.K. Nywele zake zilikuwa zimesimamishwa kwa mchanganyiko wa mafuta ya mimea na utomvu wa msonobari, na uchunguzi ulionyesha kwamba utomvu huo ulitoka kusini-magharibi mwa Ufaransa au kaskazini mwa Uhispania. Hebu fikiria! Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mtu wa Ayalandi alikuwa akinunua vipodozi kutoka ng'ambo. Wa pili ni wa Old Croghan, jimbo la Offaly. Mikono yake haikuwa na dalili za kazi ngumu na kucha zake zilikuwa zimetunzwa. Wote wawili wamo katika Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi mjini Dublin, na vinyweleo vya ngozi zao vingali vikionekana. Walikuwa watu wa tabaka la juu. Mikono ya mchunga ng'ombe au ya mwanamke aliyekamua maziwa alfajiri ya Novemba haikuhifadhiwa na kinamasi chochote.

Basi habari za hao wanyonge tutazipata wapi? Ndipo anapokuja shahidi wa nne. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Ngano ya Ayalandi ilifanya jambo la busara na la gharama ndogo. Iliwaomba watoto wa shule za msingi waende nyumbani, wawaulize wazee wao maswali, na waandike majibu katika madaftari. Shule zipatazo 5,000 zilishiriki. Kurasa zilizokusanywa ni takriban 740,000, na nyingi sasa zinasomeka bure kwenye intaneti. Wakati huo Kiayalandi kilikuwa kimeshasombwa na Kiingereza katika sehemu kubwa ya nchi. Wazee waliokuwa wakiulizwa ndio waliokuwa wa mwisho kujua mambo mengi.

Humo ndimo tunapokuta dawa za nyumbani ambazo hakuna Mrumi aliyejali kuziandika. Mafuta ya bata bukini yakiyeyushwa na kuwekwa ili kupakwa kifuani na kwenye mikono iliyopasuka. Mnyama au kuku aliyechinjwa mkesha wa Mtakatifu Martin, tarehe 10 Novemba, siku ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na Samhain ya kalenda ya zamani. Hakuna kuhani wala siri. Kuna bibi, chungu na moto, na mafuta yaliyopatikana kwa kuwa mwezi wa kuchinja umefika. Mimi ushahidi wa namna hiyo unanishibisha kuliko maelezo ya kichupani.

Nasi tunayo yetu. Wagikuyu walijipaka mafuta ya mbarika, ambayo Waswahili huyaita pia mafuta ya nyonyo. Wamaasai walichanganya mafuta ya mnyama na udongo mwekundu. Watu wa Limuru na Nyandarua waliijua baridi ya Julai kabla ya duka la kwanza la vipodozi kufunguliwa. Kiswahili kimetuhifadhia magaga na kupauka. Lakini kila moja ya lugha zetu ina majina ya mafuta haya, ya vyombo vyake, ya miti yake na ya miezi ya kuyatengeneza, na mengi ya majina hayo yamo vichwani mwa watu waliovuka miaka themanini. Neno likizikwa na mwenyewe, miaka mia ijayo mtu yeyote ataweza kutuuzia “siri ya kale ya Wakenya” ndani ya kichupa, nasi hatutakuwa na shahidi wa kumkanusha.

Madaftari tunayo na watoto tunao. Likizo ya Desemba haiko mbali, na wengi watakwenda mashambani kwa nyanya na babu zao. Mwalimu anaweza kuwapa maswali matatu tu: Kabla ya Vaseline kufika hapa, mlijipaka nini? Kiliitwaje? Na kilitengenezwa mwezi gani?